Siku nne Providence, kwenye kanisa kongwe la Wabaptisti wa Marekani

Ni wiki ya tatu tangu nirudi Mbeya kutoka Providence, mji wa jimbo la Rhode Island huko Marekani. Kila nikikutana na waumini wenzangu nimesimulia kipande cha safari hii, mmoja nimempa habari za mnara, mwingine za chakula, na hakuna aliyepata yote. Nimekaa na daftari langu na picha za simu, nikaipanga upya siku kwa siku.

Nimelelewa katika Kanisa la Baptist. Baba yangu ni shemasi mstaafu, alibatizwa kwa maji mengi mtoni akiwa kijana. Nilichofundishwa tangu darasa la Jumapili ni kwamba wamisionari wa Kibaptisti waliingia Kenya na Tanganyika mwaka 1956. Ya nyuma ya hapo sikuwahi kuambiwa. Kwa hiyo binti wa kaka yangu anayeishi Marekani aliponialika, nilimwambia, "Mwanangu, unipeleke huko tulikotokea." Akacheka, akasema kazi haimpi nafasi ila njia ataniandikia. Karatasi yake ninayo mpaka leo.

Alhamisi: Lowell – Boston – Providence

Nilifikia Lowell, mji wa viwanda vya zamani vya nguo huko Massachusetts. Siku hizi Wakenya ni wengi mno pale, nilinunua unga wa ugali duka la pili tu nililoingia. Siku moja kabla ya safari nilitembelea kiwanda kilichogeuzwa makumbusho. Wanawasha mitambo yake ya kufumia, mafundi wanasimama katikati ya mashine, na sakafu ya mbao inatetemeka hadi kwenye magoti. Nikakumbuka neno la bibi yangu: *merikani*. Nguo ile nyeupe ngumu ya viwanda vya Massachusetts ilipakiwa bandari ya Salem, ikaja Unguja, ikapanda bara mpaka Tabora na Ujiji, na meli zikarudi na pembe za ndovu na sandarusi. Pamba yake ililimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Niliandika hilo daftarini nikiwa sijajua kama litanifuata Providence.

Treni ya Lowell hadi North Station, Boston, ni dola 10. Kuna jambo ambalo binti yangu aliliwekea mstari mara mbili: usihangaike kwenda South Station na mizigo. Panda treni ya chini ya ardhi ya rangi ya chungwa (dola 2.40), shuka Back Bay, na treni ya Providence utaikuta hapohapo. Nauli ya kutoka hapo hadi Providence ilikuwa dola 12.25, kama shilingi elfu thelathini za kwetu. Ukisafiri Jumamosi na Jumapili kuna tiketi ya dola 10 ya kupanda treni zote hizo utakavyo. Natamani ningeijua mapema.

Mvua ilikuwa kubwa na upepo mkali. Karibu na Attleboro tukasimama: mti ulikuwa umeangukia njia. Tulikaa saa moja na dakika ishirini. Mzee aliyekaa mbele yangu akafungua kopo la biskuti, akaligeuza kwangu bila kuuliza kama nina njaa. Aliposikia naenda kuona kanisa, akasema mnara wake utauona kabla ya kuuona mji. Haikuwa hivyo, maana tulifika giza limeshaingia.

Kwenye basi la mjini nilikuwa na noti ya hamsini tu, na nauli ilikuwa dola 2. Dereva alinitazama, nikaanza kushuka. Kijana mmoja mwenye mkoba wa shule akanyoosha mkono juu ya bega langu, akaingiza dola mbili kwenye mashine, akarudi kukaa. Sikupata hata kumshukuru vizuri. Atakayefuata abebe noti ndogondogo.

Wenyeji wangu walikuwa familia ya Kikongo, watu wa Uvira waliokaa miaka mingi kambi ya Nyarugusu, Kigoma, kabla ya kuhamishiwa huku. Mama wa nyumba alinipokea mlangoni: "Karibu, mama, njo ukule kwanza." Sombe, yaani kisamvu, ilikuwa na mawese ya kweli, na samaki wakavu. Watoto wake wanazungumza Kiswahili cha Kasulu kuliko mimi. Alikataa kodi ya chumba, nami nikaacha dola sitini chini ya sahani siku ya kuondoka.

Ijumaa: chemchemi

Mvua ilikatika usiku. Asubuhi nilikula johnnycake, vimkate bapa vya unga wa mahindi meupe vinavyokaangwa kwenye bamba la chuma, na wenyeji wa Rhode Island wanavithamini sana. Nje vina ukoko, ndani ni laini kama uji mzito. Pamoja navyo nilipewa maziwa baridi yaliyotiwa sharubati ya kahawa, ambayo ndiyo kinywaji rasmi cha jimbo tangu 1993. Dola 14 kwa vyote.

Kisha nilitembea hadi hifadhi ndogo ya Roger Williams, mtaa wa North Main. Kuingia ni bure. Ni bustani ya majani yenye miti na nyumba moja ya maelezo, na katikati pamezungushiwa mawe mahali ilipokuwa chemchemi. Hapo ndipo mji ulipoanzia.

Roger Williams alikuwa mhubiri Mwingereza aliyefika Boston mwaka 1631. Alisema mahakimu hawana mamlaka juu ya imani ya mtu, na kwamba mfalme hawezi kugawa ardhi ya wenyeji bila wenyewe kuuza. Mwaka 1635 mahakama ya Massachusetts ikaamua afukuzwe. Alitoroka Januari 1636, theluji ikiwa nzito, na waliomhifadhi ni Wawampanoag, kabila la wenyeji wa asili. Baadaye machifu wa Wanarragansett, Canonicus na Miantonomi, wakampa ardhi. Akauita mji Providence, yaani riziki ya Mungu. Lugha yao alijifunza kiasi cha kuandika kitabu juu yake, kikapigwa chapa London mwaka 1643. Nilisimama muda mrefu mbele ya maelezo hayo. Mgeni aliyejifunza lugha ya waliompokea kabla ya kuwahubiria ni mtu ninayemwelewa.

Mwaka 1638 alibatizwa na Ezekiel Holliman, kisha yeye akambatiza Holliman na wengine wapatao kumi. Hilo ndilo kanisa la kwanza la Kibaptisti katika Marekani. Ila Williams hakukaa. Baada ya miezi michache alijitenga, akiamini hakuna kanisa duniani lililobaki na mamlaka ya mitume, akaishi hivyo hadi kufa. Kanisa likaendelea bila yeye. Kwa zaidi ya miaka sitini halikuwa na jengo, watu walikutana majumbani na chini ya miti, mpaka Pardon Tillinghast alipojenga nyumba ndogo kwa fedha yake mwaka 1700.

Mlinzi wa hifadhi, dada mmoja mwenye kofia pana, alinieleza pia lile ambalo sikutaka kulisikia. Vita na wenyeji ilipozuka, Providence iliteketezwa Machi 1676, na Williams, mzee tayari, alikuwa kwenye kamati iliyouza mateka wa Kiasili utumwani. Nilimuuliza mara mbili kama ni yuleyule. Ni yuleyule.

Alasiri nilipanda kilima hadi Prospect Terrace, mtaa wa Congdon, ambapo sanamu yake inautazama mji. Masalia yake yaliwekwa chini ya sanamu hiyo mwaka 1939. Kilima ni kikali, viatu vya kisigino viache nyumbani. Kutoka pale juu hatimaye niliuona mnara, mweupe, mwembamba, umechomoza katikati ya miti iliyogeuka njano na nyekundu. Si mbali na sanamu, kwenye mtaa huohuo, kuna kanisa jingine dogo la mbao. Nililipita bila kulisimamia.

Jumamosi: chuo

Kilima kizima ni mji wa chuo. Kila kona kuna wanafunzi, baiskeli na migahawa ya kahawa. Chuo Kikuu cha Brown kilianzishwa na Wabaptisti mwaka 1764, na hati yake iliweka kwamba wanafunzi wasipimwe kwa dini. Kilihamia Providence 1770. Rais wake wa kwanza, James Manning, ndiye aliyekuwa pia mchungaji wa kanisa kuanzia 1771. Alipenda waumini waimbe ibadani. Wazee wengine waliona kuimba si sawa, wakaondoka na kundi lao. Mimi niliyekulia kwenye kwaya niliwaza Jumapili bila wimbo, nikashindwa kuipata picha yake.

Kwenye uwanja wa mbele wa chuo kuna kumbukumbu ya utumwa, kazi ya mchongaji Martin Puryear, iliyowekwa 2014. Ni tufe kubwa la chuma lililozama nusu ardhini, na pingili nene za mnyororo zinapanda kutoka juu yake. Pingili ya mwisho imekatika. Pale ilipokatika pamesuguliwa paking'ae kama kioo. Niliinama, nikaona mawingu ndani ya chuma, na pembeni ukingo wa kilemba changu.

Kuna sababu ya kuiweka pale. Mwaka uleule wa 1764, ndugu wanne wa familia ya Brown, yaani Nicholas, Joseph, John na Moses, waligharamia meli iitwayo Sally kwenda Afrika Magharibi. Nahodha Esek Hopkins alinunua watu 196. Angalau 109 walikufa. Joseph Brown ndiye aliyekuja kuchora ramani ya kanisa nililokuwa naenda kuabudu kesho yake, na John Brown akasimamia ujenzi wake. Watumwa walikuwa miongoni mwa waliojenga jengo la kwanza la chuo. Mwaka 2006 chuo chenyewe kilitoa ripoti ndefu kueleza yote haya. Moses alijitenga na ndugu zake, akawaacha huru watumwa wake 1773, akajiunga na Wakweka, dhehebu jingine la Kikristo, akapigana na biashara ile maisha yake yote. John aliendelea nayo, na 1797 alishtakiwa kwa sheria ya kuizuia. Huyohuyo Moses ndiye aliyemwezesha Samuel Slater kuanzisha kiwanda cha kusokota pamba hapo jirani, Pawtucket. Pamba tena. Nikarudi nyuma kurasa tatu kwenye daftari, kule Lowell, nikachora mshale.

Nilikaa kwenye benchi mpaka baridi ikaniinua. Sikutegemea kuumia kwa habari za watu waliokufa zaidi ya miaka mia mbili na hamsini iliyopita. Niliumia kwa sababu nilikuja kutafuta wazee wangu wa imani, nikawakuta wazee wangu wa upande mwingine pia, wakiwa ndani ya meli ya hao wa kwanza.

Nyumba ya John Brown ni makumbusho chini ya Jumuiya ya Historia ya Rhode Island. Humo wanatunza mzizi wa mtufaa. Mwaka 1860 walichimba kaburi la Roger Williams, wakapata misumari, udongo, na mzizi huu uliokuwa umepita alipolala, ukajikunja penye nyonga, ukajikunja penye magoti, na mwishoni ukageuka kama nyayo. Una urefu wa mtu, rangi ya tumbaku. Watoto waliokuwa pale walinong'ona tu, hakuna aliyewaambia wanyamaze.

Jioni nilikula wali kwa Mama, nikalala mapema.

Jumapili: chini na juu

Kanisa liko North Main namba 75, chini kabisa ya kilima. Ukilikaribia kwa miguu mnara unakufanya urudi nyuma ili uuone wote: futi 185. Jengo ni mraba wa futi 80 kila upande, mbao tupu. Lilijengwa 1774 na 1775, na sehemu ya fedha ilitoka kwenye bahati nasibu. Waingereza walikuwa wamefunga bandari ya Boston baada ya watu wa mji huo kumwaga shehena ya chai baharini kwa kupinga kodi, basi maseremala na mafundi wa meli waliokosa kazi wakaja Providence. Ndiyo maana jengo lina nafasi ya watu 1,200 wakati mji mzima ulikuwa na watu elfu nne na kidogo. Lilijengwa kwa ibada ya Mungu Mwenyezi na pia kwa mahafali ya chuo, na wahitimu bado wanateremka kilima kila Mei kuingia humo. Mnara waliusimamisha kwa siku tatu na nusu, Juni 1775. Tufani za 1815 na 1938 zimeupita.

Ndani ni mwanga. Vioo ni vyeupe, havina picha, na kuta zina rangi ya kijani hafifu na nyeupe. Hakuna sanamu wala mapambo mengi, isipokuwa taa moja kubwa ya vioo inayoning'inia katikati, iliyotolewa mwaka 1792 na Hope Brown kwa kumbukumbu ya baba yake, Nicholas. Iliwashwa mara ya kwanza usiku wa harusi yake.

Waumini hawakuwa wengi. Mama mzee alisogea akanipa nafasi, akanifungulia kitabu cha nyimbo na kunionyesha mstari kwa kidole, kama mtu anavyomfanyia mjukuu. Wimbo wa pili niliujua kwa Kiswahili, nikauimba kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini. Akageuka, akatabasamu, akaendelea na maneno yake.

Baada ya ibada kuna mtu wa kuwatembeza wageni, usiondoke haraka. Nilitia dola tano kwenye sanduku la sadaka. Mzee aliyetutembeza alitueleza habari za kengele. Ya kwanza ilitoka London mwaka 1775, uzito wa ratili 2,500. Ilipasuka 1787 ikayeyushwa upya. Maneno yaliyokuwa juu yake niliyanakili na kuyageuza hivi: mji huu ulipandwa kwa ajili ya uhuru wa dhamiri, watu walitumia ushawishi, si nguvu, kanisa hili ndilo kongwe, wala halijakana, linafurahia na kuwaruhusu wengine kengele, hekalu na mnara.

*Ushawishi, si nguvu.* Nilimuuliza, kwa heshima, watu weusi walikaa wapi wakati kengele ile inalia. Hakukwepa. Alinigeuza kutazama upande wa magharibi, juu. Zamani, alisema, palikuwa na roshani ya pili juu kabisa, na huko walikaa watumwa, Waafrika walio huru na wenyeji wa asili. Haipo sasa. Kinanda kilichotolewa na Nicholas Brown mdogo mwaka 1834 ndicho kimekaa upande huo. "Na wao walienda wapi?" Akanyoosha mkono kuelekea kilimani. "Congdon Street. Ukiharakisha utawakuta."

Nilipanda haraka kadiri kifua kilivyoruhusu. Lilikuwa ndilo lile kanisa la mbao nililolipita Ijumaa. Watu walikuwa wanatoka. Mama mmoja mwenye kofia ya zambarau aliniuliza kama nimepotea. Nilipomwambia natoka Tanzania na nilikotoka dakika hiyo, alinishika mkono, akaniingiza ndani, na kabla sijakaa nilikuwa na sahani ya kuku, mboga za majani na mkate wa mahindi.

Alinisimulia nikila. Mwaka 1819 watu weusi wa Providence waliamua kuwa na nyumba yao ya ibada na shule, na Moses Brown akatoa ardhi. Hiyo ndiyo asili ya kanisa hili, kongwe kuliko yote ya watu weusi katika Rhode Island. Haikuwa njia laini. Mwaka 1824 na tena 1831 makundi ya wazungu yalivunja nyumba za watu weusi mjini. Miaka ya 1860 majirani waliokereka kuwa karibu nao walilibomoa jengo lao la ibada. Hili la sasa lilijengwa 1874 na 1875. Desemba 1968 wanafunzi weusi 65 walitoka chuoni, wakateremka hadi hapa, wakakaa siku kadhaa wakidai chuo kipokee weusi kwa kiwango cha asilimia 11, kama walivyo katika taifa. "Walilala hapa," alisema, akapiga sakafu kwa kisigino cha kiatu. "Na kina mama wakapika." Alitazama sahani yangu, akaongeza mkate.

Anayekwenda Providence apange Jumapili kama yangu, chini kwanza kisha juu. Kwa miguu si zaidi ya dakika kumi na tano. Kanisa la juu halina maandishi mengi ya watalii, kwa hiyo nenda ukiwa na muda wa kukaa na watu.

Treni ya jioni ilikwenda bila kusimama ovyo. Nikiwa njiani nilimpigia baba, Mbeya ilikuwa usiku wa manane ila alikuwa ananisubiri. Nilimweleza mnara, mafundi wa meli, mzizi, taa ya vioo. Alisikiliza yote. Kisha akauliza lile nililouliza mimi: sisi tulikaa wapi? Nikamwambia juu kabisa, baba, upande wa magharibi, ila roshani yenyewe haipo tena, pana kinanda.

Akanyamaza. Nikasikia mbwa wa jirani akibweka kule nyumbani.

"Umepiga picha ya hapo?"

"Ya kinanda ninayo."

"Nitumie hiyo."

Nikaitafuta nikampelekea kabla treni haijafika Back Bay.